Mzee anapogeuka mkali wadini: Tafuta kinachomsumbua kabla ya kumfunga

Mgonjwa wa kusahau anayepiga, kuuma au kung'oa dripu akiwa hospitalini mara nyingi ana maumivu, hofu au ugonjwa mwingine ambao haujaonekana. Makala haya yanaeleza sababu za hali hiyo, na yale ambayo familia na wahudumu wa afya wanaweza kufanya pamoja.

Familia nyingi hukutana na jambo hili kwa mara ya kwanza hospitalini. Mzee ambaye nyumbani kwake Kangemi au Riruta alikuwa msahaulifu lakini mtulivu analazwa kwa sababu ya nimonia, mfupa wa nyonga uliovunjika au sukari iliyopanda. Usiku wa pili anang'oa dripu, anampiga muuguzi aliyekuja kumpima presha, anamuuma binti yake mkono na kupiga kelele kwamba ametekwa. Kufikia asubuhi wagonjwa wa vitanda vya jirani hawajalala, wauguzi wamechoka na jamaa wanaona haya. Kuna wanaoomba apewe dawa ya kumlaza, na kuna wanaoomba aruhusiwe kwenda nyumbani kabla matibabu hayajaisha.

Uamuzi unaofanywa katika saa hizo una uzito mkubwa. Mzee anayefungwa mikono kitandani, au anayelazwa kwa dawa kali bila kuchunguzwa, anaweza kubaki na tatizo lililomfanya awe mkali: kibofu kilichojaa, maambukizi, au jeraha linalouma. Anayeondolewa wadini kabla ya kumaliza dawa za nimonia anaweza kurudishwa akiwa mahututi. Naye muuguzi anayepigwa bila msaada huumia, na huanza kumwogopa mgonjwa anayepaswa kumhudumia.

Jambo la kushika ni hili: mtu ambaye ugonjwa umempokonya maneno husema kwa mikono. Kazi ya kwanza ya kila aliye karibu naye ni kutafuta anachosema.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa wa kusahau, ambao wataalamu huuita dimenshia, ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo polepole. Huathiri kumbukumbu, lugha, uwezo wa kupima mambo, na uwezo wa kutambua watu na mahali. Aina inayoonekana zaidi ni Alzheimer, iliyopewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na kiharusi na mishipa ya damu iliyoharibiwa na presha au kisukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 57 walikuwa na ugonjwa huu duniani mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Mitaani ugonjwa huu una majina mengine. Watu husema mzee "amerudia utoto", au kwamba "ni umri tu". Wapo wanaoshuku kwamba amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi. Hakuna lililo sahihi kati ya hayo. Kusahau mahali ulipoweka funguo ni jambo la kawaida uzeeni. Kusahau funguo ni za kazi gani, au kutomtambua mtoto uliyemzaa, ni dalili ya ugonjwa na inahitaji daktari.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Jijini Nairobi wako waliokuja kutafuta kazi miaka ya 1960 na 1970, wakajenga au kukodi nyumba Dagoretti, Kawangware, Uthiru na kwingineko, na sasa wanazeekea hapa hapa. Wako pia wanaoletwa na watoto wao kutoka mashambani ili wawe karibu na matibabu. Hao ndio watakaoonekana zaidi katika wadi za jiji miaka ijayo.

KWA NINI HOSPITALINI ZAIDI KULIKO NYUMBANI

Nyumbani, mtu mwenye ugonjwa wa kusahau hutegemea mazoea. Anajua mlango uko wapi, kikombe chake ni kipi, na sauti ya nani inamwita kula. Wadini vyote hivyo hupotea kwa siku moja. Taa huwaka usiku. Mashine hulia. Watu asiowajua humvua nguo, humdunga sindano, humwosha sehemu za siri na kumwekea mpira wa mkojo. Mtu asiyejua yuko wapi, wala kwa nini anashikwa, hujitetea. Machoni pa muuguzi huo ni ukali. Kwa mzee ni kujiokoa.

Maisha aliyoishi mtu huingia naye wadini. Chukua mfano wa mama wa miaka 78 kutoka Kawangware, aliyeuza mboga kwa miaka mingi. Kila siku aliamka saa kumi alfajiri ili awahi Marikiti kabla mizigo haijaisha. Sasa amelazwa, na ikifika saa kumi anashuka kitandani na kuelekea mlangoni. Anaposhikwa mkono ili arudishwe, anapiga. Hajui kwamba alishaacha biashara hiyo. Anachojua ni kwamba anacheleweshwa, na watoto watalala njaa. Mhudumu anayejua historia hiyo anaweza kumpa chai, akamuuliza bei ya sukuma, akatembea naye hadi mwisho wa wadi na kurudi. Asiyejua atamwita mlinzi.

Vivyo hivyo kwa mzee aliyekuwa bawabu wa usiku katika duka la Moi Avenue. Kuzunguka gizani akijaribu milango ilikuwa kazi yake kwa miongo kadhaa. Na wapo waliopitia mambo mazito zaidi. Mtu aliyezaliwa mwaka 1944 alikuwa na miaka 10 wakati wa Operesheni Anvil, msako mkubwa wa Aprili 1954 ambapo maelfu ya watu walikamatwa jijini Nairobi na kupelekwa kambini. Aliyeona baba yake akichukuliwa na askari usiku anaweza kutishika kupita kiasi anapozungukwa na watu wenye sare.

Lugha nayo ina nafasi yake. Lugha ambayo mtu alijifunza ukubwani inaweza kumpotea kabla ya lugha ya mama. Mzee aliyezungumza Kiswahili cha kazini kwa miaka 40 anaweza kurudia Kikuyu, Luluhya, Dholuo au Kikamba pekee. Akiambiwa kwa Kiingereza au Kiswahili ainue mkono, haelewi, na mkono unapoinuliwa kwa nguvu anakataa. Neno moja la kwao linaweza kubadili mambo: shosho, kukhu, dani au susu, kutegemea anakotoka.

Anaposema "nataka kwenda nyumbani", si lazima awe anazungumzia nyumba ya Kangemi aliyotoka juzi. Huenda ni boma la mashambani alikozaliwa, wakati mama yake alipokuwa hai. Kumjibu kwamba mama yake alikufa zamani ni kumpa msiba upya, na hasira inayofuata si ya ajabu. Ni afadhali kumwambia, "Tuambie habari za nyumbani," na kumsikiliza.

MABADILIKO YA GHAFLA NI DHARURA

Familia inapaswa kutofautisha hali mbili. Ugonjwa wa kusahau huenda polepole, kwa miezi na miaka. Lakini mzee akibadilika kwa saa chache au siku moja mbili, akawa mkali, akaona vitu ambavyo havipo, akashindwa kufuata mazungumzo, kisha akatulia kidogo na kuanza tena, hiyo huenda ni hali nyingine ambayo madaktari huiita deliriamu. Ni kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakoletwa na tatizo la mwili, na watu wenye ugonjwa wa kusahau hupatwa nako kwa urahisi zaidi.

Deliriamu ina sura ya kimya pia. Mzee halii wala hapigi, bali analala mchana kutwa, hali chakula na haitiki anapoitwa. Huyu husahaulika kwa sababu hasumbui mtu, ingawa naye yuko hatarini.

Chanzo kikipatikana na kutibiwa, wagonjwa wengi hurudi katika hali yao ya awali au karibu na hapo, ingawa huweza kuchukua siku au wiki. Ndiyo maana neno "ghafla" ni muhimu sana. Jamaa akimwambia daktari, "Jumapili alikuwa akinitambua na kula mwenyewe, leo hanijui," amempa habari ambayo kipimo cha damu hakiwezi kutoa.

Mambo yanayofaa kukaguliwa kwanza ni haya:

• Maumivu: jeraha, mfupa, jino, kidonda cha kulalia, au sindano iliyovimba.
• Maambukizi: ya mapafu, ya njia ya mkojo au ya ngozi. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa kubwa.
• Mkojo na choo: kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo ulioziba, au kufunga choo kwa siku kadhaa.
• Maji na chakula: kiu, njaa, chakula kilichowekwa mbali na mkono, au meno ya bandia yaliyosahaulika nyumbani.
• Sukari na chumvi za damu: zikishuka au zikipanda, akili huvurugika.
• Hewa: upungufu wa oksijeni humfanya mtu ahangaike na kuvua kila alichovishwa.
• Dawa: mpya, zilizoongezwa, au zilizokatizwa ghafla.
• Pombe: aliyezoea kunywa kila siku akikatizwa kwa kulazwa anaweza kuchanganyikiwa vibaya ndani ya siku chache. Familia isione haya kumweleza daktari.
• Macho na masikio: miwani na kifaa cha kusikia vilivyoachwa kabatini.

Kuhusu dawa, kuna moja inayopatikana karibu kila nyumba jijini. Dawa za mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton, huongeza kuchanganyikiwa kwa wazee. Baadhi ya jamaa humpa mgonjwa kimya kimya ili alale. Jambo hilo linaweza kuzidisha tatizo, na daktari asiyejua atahangaika kutafuta sababu kwingine. Dawa yoyote aliyopewa mzee nyumbani, ikiwa ni pamoja na ya mitishamba, inapaswa kutajwa.

MAUMIVU YASIYOSEMWA

Kati ya sababu zote, maumivu ndiyo husahaulika zaidi. Mgonjwa akiulizwa kama anaumwa anaweza kujibu hapana kwa sababu hakuelewa swali, au kwa sababu amesahau dakika moja iliyopita. Mwili wake ndio unaojibu: uso unakunjamana, mkono unalinda ubavu, anaguna akigeuzwa, na anapiga kila mara anapoguswa mahali pale pale.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika utafiti uliofanywa katika vituo 18 vya kutunzia wazee magharibi mwa Norway na kuchapishwa mwaka 2011. Watafiti walifuatilia wagonjwa 352 wa dimenshia waliokuwa na fujo au mahangaiko. Kundi moja lilipewa dawa za maumivu kwa utaratibu, wengi wao wakianzia parasitamo ya kawaida, na kundi lingine likaendelea na huduma iliyokuwapo. Baada ya wiki 8, mahangaiko yalikuwa yamepungua zaidi katika kundi lililotibiwa maumivu. Waliokuwa wakionekana wakorofi, kumbe baadhi yao walikuwa wakiumwa.

Si kwamba familia impe mzee vidonge bila kuuliza. La muhimu ni kumwuliza daktari waziwazi: "Je, ana maumivu? Ametibiwa maumivu?"

UKALI UNAPOANZA

Mzee akianza kupiga au kutupa vitu, dakika za kwanza huamua mengi. Hatua zifuatazo zinawafaa jamaa na wahudumu vilevile:

1. Rudi nyuma hatua mbili. Usimzunguke wala usimzibie njia. Ondoa vitu vyenye ncha, maji moto na vyombo vya kioo vilivyo karibu naye.
2. Azungumze mtu mmoja tu. Sauti tatu zinazomtuliza kwa pamoja, kwake ni kelele.
3. Simama mbele yake ambapo anakuona, kisha keti au inama ili macho yenu yawe sawa. Usimshike kutoka nyuma.
4. Taja jina lako na jina analopenda kuitwa. Tumia sentensi fupi: "Baba, ni mimi Wanjiku. Uko salama. Niko nawe."
5. Usibishane. Akisema ameibiwa pesa, usimwambie anaota. Mwambie, "Pole, hilo linaudhi. Tutazitafuta."
6. Muulize kwa njia ya kuonyesha: elekeza mkono chooni, onyesha kikombe cha maji, gusa tumbo lako na kumtazama.
7. Kama alikuwa akioshwa au kudungwa sindano na hakuna dharura, acha. Rudini baada ya dakika 15, ikiwezekana na mhudumu mwingine. Kuoga kunaweza kusubiri.
8. Akitulia, tafuteni chanzo mara moja na mwandike yaliyotangulia: saa, nani alikuwapo, kilichokuwa kikifanywa.

Kumbukumbu hiyo ya maandishi ina faida. Baada ya siku mbili tatu mara nyingi muundo hujitokeza. Kuna anayekuwa mkali kila anapobadilishwa nepi, na kuna anayekuwa mkali jua linapozama. Wengi huhangaika zaidi jioni, vivuli vinapoongezeka na uchovu wa mchana unapozidi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kufungua pazia mchana, kuwasha taa mapema, kupunguza kelele na kuwa na mtu wa nyumbani kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku kunaweza kuwa msaada mkubwa.

KAMBA NA SINDANO

Kumfunga mgonjwa mikono kwa bendeji au shuka huonekana kama njia ya haraka ya kumlinda. Madhara yake ni makubwa. Aliyefungwa hupigana zaidi, hupata michubuko na vidonda vya kulalia, damu yake inaweza kuganda miguuni, na misuli hulegea. Hata vyuma vya kando ya kitanda vina hatari, kwa kuwa mzee anayejaribu kuvivuka huanguka kutoka juu zaidi. Kitanda kilichoshushwa chini kabisa, choo kilicho karibu na mtu wa kukaa naye huwa salama zaidi.

Dawa za kutuliza akili nazo zina mahali pake, lakini si pa kwanza. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kali kwamba dawa za kundi jipya za kutibu maradhi ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Mwaka 2008 onyo hilo lilipanuliwa hadi dawa za zamani za aina hiyo, ikiwemo haloperido. Dawa za usingizi kama diazepamu pia huweza kuongeza kuchanganyikiwa na kuanguka.

Hata hivyo, kuna wakati daktari ataamua kuzitumia: mgonjwa anapokuwa hatarini kujiumiza au kumwumiza mwingine, na njia nyingine zimejaribiwa bila mafanikio. Hapo hupewa kipimo kidogo, kwa muda mfupi, na chini ya uangalizi. Familia ina haki ya kuuliza maswali manne: dawa hii ni ya nini, ina hatari gani, itapimwaje kama inafaa, na itakoma lini?

SIKU YA KULAZWA: KARATASI MOJA

Msaada mkubwa ambao familia inaweza kutoa hauna gharama. Ni kusema mapema. Wapo wanaoficha ugonjwa wa kusahau kwa aibu, wakidhani mzee atadharauliwa. Matokeo yake, wadi hupokea mtu wa nimonia bila kujua kwamba hataweza kukumbuka agizo lolote atakalopewa.

Mzee anapolazwa, iwe ni Mbagathi, Mutuini, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au kwingineko, jamaa waandike karatasi moja na kumwomba muuguzi aiweke kwenye faili. Iwe na mambo haya:

• Jina analopenda kuitwa, na lugha anayoielewa vizuri zaidi sasa.
• Alianza kusahau lini, na hali yake ilikuwaje wiki moja kabla ya kuugua.
• Magonjwa mengine na dawa zote anazotumia, pamoja na vipimo vyake.
• Kazi aliyofanya na saa alizozoea kuamka na kulala.
• Anachokipenda: wimbo wa kanisani, redio ya lugha ya kwao, chai ya maziwa, rozari, tasbihi.
• Kinachomtisha au kumkasirisha.
• Anavyoonyesha kwamba anaumwa, ana njaa au anataka choo.
• Nani wa kupigiwa simu usiku.

Pamoja na karatasi hiyo, waje na miwani, kifaa cha kusikia, meno ya bandia, leso au shuka lake la nyumbani, na picha ya familia. Vitu hivyo viwekwe alama ya jina. Kitambulisho chake na usajili wake katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, vithibitishwe mapema kwa kupiga *147#, ili usumbufu wa malipo usiongezeke juu ya usumbufu wa ugonjwa.

Ni vyema pia kumwuliza msimamizi wa wadi kama jamaa mmoja anaweza kuruhusiwa kukaa na mgonjwa nje ya saa za kawaida, hasa wakati wa kula na jioni. Wapangiane zamu. Binti mmoja akiachiwa siku zote peke yake, atachoka na hatimaye atakuwa mkali yeye mwenyewe.

WAHUDUMU NAO WALINDWE

Kuelewa ugonjwa hakumaanishi kwamba kupigwa ni sehemu ya kazi ya muuguzi. Mgonjwa hana hatia kwa kuwa hajui anachofanya, lakini jeraha ni jeraha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo inahusu wanaoumia wakiwa kazini. Kila tukio liripotiwe na kuandikwa. Taarifa hizo ndizo zinazoonyesha wadi ipi inahitaji watu zaidi usiku, na ni mgonjwa yupi anayehitaji kuchunguzwa upya.

Walinzi wa lango na wafanyakazi wa usafi wahesabiwe pia. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kumkuta mzee anayetangatanga akitafuta njia ya kutoka. Mlinzi anayemwambia "Mama, njoo tupumzike kidogo" atafanikiwa kuliko anayepaza sauti.

Jamaa nao wanaweza kusaidia kwa kuomba radhi bila kujidhalilisha, kushukuru, na kukumbuka kwamba muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ana wagonjwa wengine wanaomhitaji.

BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Mzee akiruhusiwa kutoka, hali ya kuchanganyikiwa inaweza kuendelea kwa muda. Familia iondoke na orodha ya dawa zilizobaki na zilizoachishwa, tarehe ya kurudi kliniki, na maelezo ya dalili za hatari. Kama alianzishiwa dawa ya kutuliza akili wadini, waulize itapitiwa lini. Si dawa ya kununuliwa tena na tena dukani bila daktari kujua.

Nyumbani, panga, visu na jembe viwekwe mahali asipofika. Lango lifungwe bila kumfungia mzee ndani ya chumba peke yake. Taa ndogo iachwe karibu na choo. Majirani waelezwe, ili wakimwona barabarani wamrudishe kwa upole.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba mitaani wanaweza kuelekeza familia kwenye kituo cha afya kilicho karibu, kama vile Kangemi, Westlands, Riruta au Waithaka, ambako presha na sukari hupimwa na rufaa kutolewa. Uchunguzi wa kina wa maradhi ya akili hupatikana katika Hospitali ya Taifa ya Mathari, Barabara ya Thika, na pia Kenyatta. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya huunga mkono familia zinazotunza wagonjwa. Mzee akibadilika ghafla, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

HESHIMA NI HAKI

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka Serikali kuhakikisha kwamba wazee wanaishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, na kwamba wanapata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Kifungu cha 29 kinamlinda kila mtu dhidi ya kutendewa kwa ukatili au kwa njia ya kudhalilisha. Haki hizo haziishii kwenye mlango wa wadi, wala haziondoki mtu anaposahau jina lake.

Familia inayoona mzee wake akitendewa vibaya ianze kwa kuzungumza na muuguzi msimamizi wa wadi, kisha uongozi wa hospitali, na malalamiko yaandikwe. Na familia ambayo mzee wake bado hajalazwa popote ina nafasi nzuri zaidi: karatasi ile moja inaweza kuandikwa leo, wakati mwenyewe bado anaweza kusema anapenda kuitwa nani na kinachomtisha ni nini.